Tanuri la Mboni Chokaa

Pale Kigombe ukiuliza nyumba ya Mboni bila kuongeza neno, nawe utaulizwa: Mboni yupi? Sema Mboni Chokaa, hata mtoto anayetambaa atakuonyesha kwa kidole. Jina hilo hakulipata kwa mzaha. Kuta za msikiti zimepakwa chokaa yake, kuta za zahanati zimepakwa chokaa yake, na makaburi ya watu wengi wa pale, pamoja na la mama yake mzazi, yana weupe uliotoka mikononi mwake.

Kazi hiyo alifundishwa na mama yake angali mdogo, shule akaiacha njiani. Ni kazi ya jua na moto. Mawe ya matumbawe yanachimbwa huko porini, nchi kavu, yale ambayo bahari iliyaacha zamani sana. Yanapasuliwa, yanapangwa juu ya duara la magogo, moto unatiwa katikati. Yakishaiva huyatambui, yamekuwa mepesi kama muhogo mkavu. Hapo unayanyunyizia maji, nayo yanachemka yenyewe bila moto, yanafuka, yanavimba, mwisho yanabomoka yakawa unga.

Wanaume wengi wameijaribu kazi ile wakaikimbia. Mboni hakukimbia. Aliyekimbia ni mume wake, akaenda Tanga mjini kwa mke mwingine, akamwachia Mboni binti mchanga na kibanda cha makuti. Mboni hakulia mbele ya watu. Alichoma chokaa akauza, akanunua mabati, mawe akachimba kwa mkono wake, mpaka akasimamisha nyumba ya mawe, vyumba vitatu na ukumbi. Siku anahamia, wifi yake Asmahani, dada wa yule mume aliyekimbia, alisimama uani mikono kiunoni.

"Haya. Mwanamke kajenga. Tumeona."

"Kama umeona nje," Mboni akamjibu, "ingia ndani uone na sakafu."

Tangu siku hiyo Mboni akawa na jambo lake moja ambalo humwambii kitu: jiwe. Nyumba ni jiwe. Tofali la udongo, kwake yeye, ni kitu cha watu wa bara ambao hawakujaliwa matumbawe, na akipita mbele ya nyumba ya matofali huwa anaitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Yule binti alipokua alikwenda Maskati kufanya kazi za nyumbani, na mtoto wake, Nasma, akabaki kwa bibi. Nasma ni mtoto wa kimya. Haombi. Wenzake wakililia viatu vya Idi, yeye anavaa vya mwaka jana na kukunja vidole ndani. Ukimuuliza vinabana, anasema havibani. Mboni alikuwa anaona, na jambo hilo lilimuuma kuliko kama angekuwa na mtoto wa kudeka na kupiga kelele. Ndiyo maana Nasma alipoanza msahafu chuoni kwa Maalim Rahimu, Mboni alimshika mabega akamwambia, "Siku utakayohitimu, utakachotaka nitakupa. Chochote. Hata ukitaka ngamia."

Sasa katikati hapo, Mboni aliitwa hoteli moja ndogo upande wa Pangani kupaka chokaa kuta. Uani mwa hoteli kulikuwa na tanuri la udongo, limeumuka kama chungu kilichofudikizwa, mdomo wazi mbele. Mpishi wake kijana wa Lushoto, jina lake Lucas, alikuwa anawasha kuni humo mpaka tanuri linang'aa, kisha anasukuma makaa pembeni, anafuta sakafu kwa tambara bichi lililofungwa kwenye fimbo, anaingiza chapati pana iliyopakwa nyanya na jibini. Hujameza mate vizuri, imeshaiva. Mboni alipaka ukuta huku anatazama. Ukuta uliotakiwa kwisha upesi ulichelewa kidogo. Mwisho Lucas mwenyewe akamwita.

"Bibi, shikamoo. Njoo uonje, nakuona unanisoma tu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi sikusomi wewe. Nausoma moto wako."

Alionja. Alirudi Kigombe akamsimulia Nasma kila kitu: ukingo uliovimba na kuungua madoadoa, jibini inayovutika kama mpira, harufu ya moshi ndani ya mkate. Nasma alisikiliza mpaka mwisho.

Alipokaribia kuhitimu, yule mtoto wa kimya alikuja jikoni akasimama mlangoni, anachezea ncha ya mtandio.

"Bibi. Ulisema chochote."

"Nilisema."

"Nataka ile piza. Ile ya kwenye tanuri. Siku ya hitimu yangu, tule na wenzangu wa chuo wote."

Mboni alijua amekamatika. Ngamia angekuwa rahisi zaidi. Lakini ndiyo mara ya kwanza mtoto yule kuomba kitu katika maisha yake, na palepale, kabla hajafikiri unga wala jibini, akasema, "Utaipata."

Habari ilimfikia Asmahani kabla jua halijatua. Akaja na kanga yake begani.

"Wifi, hitimu ni pilau. Tangu enzi za mabibi zetu hitimu ni pilau. Maalim Rahimu na meno yake yale atatafuna mpira?"

"Kama anatafuna pilau lako, hashindwi na kitu."

"Na tanuri? Atakujengea nani?"

Mboni akacheka. "Unaniuliza mimi habari za tanuri?"

Alianza kesho yake. Aliinua jukwaa la mawe mpaka kimo cha kiuno. Sakafu aliitengeneza kwa mabamba ya matumbawe, yale yaliyo bora, akayachonga na kuyasugua mpaka yakawa laini kama meza. Juu yake akarundika mchanga mbichi kwa umbo la tumbo la mjamzito, akaufunika magunia, akaukandika udongo wa kichuguu uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Ulipokauka akauchota mchanga kwa mlangoni, kuba likabaki limesimama lenyewe. Watu walikuwa wanapita wanatazama. Mboni alikuwa anajifanya hawaoni, lakini mgongo aliunyoosha.

Mmoja wa waliopita alikuwa Ernesti. Huyu ni Mnyamwezi, baba yake alikuja zamani kutoka Tabora kukata mkonge, na Ernesti akazaliwa palepale kambini. Anachoma matofali bondeni nyuma ya kambi. Mboni ni Mzigua, na Mzigua na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo wawili hawa hawajawahi kusalimiana vizuri hata siku moja. Alisimamisha baiskeli.

"Hodi hapo! Mtani, unamjengea nani kaburi?"

"Wewe. Nimeanza mapema, maana ndugu zako wa Tabora wakija watakuta umeshaoza."

"Mbona fupi hivi?"

"Tutakukunja."

Ernesti alicheka mpaka akashuka kwenye baiskeli. Akainama, akachungulia ndani, akagonga sakafu kwa kidole. Uso ukabadilika kidogo.

"Chini umeweka matumbawe?"

"Ulitaka niweke nini, matope yako?"

Alifungua mdomo kusema neno, kisha akalimeza. "Mimi simo," akasema, akapanda baiskeli yake akaenda zake. Mboni alimsindikiza kwa macho. Wivu tu huo, akawaza. Wivu wa matofali.

Siku ya kulijaribu ikafika, na hitimu ilikuwa imekaribia. Mboni aliwasha moto wa vifuu vya nazi na matawi makavu ya mvinje. Nasma alikuwepo, Asmahani alikuwepo, na majirani watatu wanne waliokuja kuazima chumvi wakasahau kuondoka. Kuba liliingia masizi likawa jeusi tii, kisha masizi yenyewe yakaanza kuungua, weusi ukatoka, ndani kukawa kweupe. Hapo Mboni alijua moto umefika. Moto ule hakuna wa kumfundisha. Mara mojamoja kilisikika kitu ndani kikipasuka, pa! Akadhani ni kifuu.

Alisukuma makaa pembeni. Akachovya tambara kwenye ndoo, akalifunga kwenye fimbo, akafuta sakafu kama alivyomwona Lucas akifuta.

Sakafu ikajibu.

Ilianza na sauti, ssssss, ndefu kuliko ya maji kwenye kikaango, ikaendelea wakati maji yalikuwa yameshakwisha. Kisha mvuke. Kisha lile bamba zuri la katikati, lile alilolisugua kwa siku kadhaa, likavimba, likapasuka nyufa, likaanza kumeguka magamba meupe. Mboni alisimama na fimbo yake mkononi. Sauti ile alikuwa ameisikia maisha yake yote. Angeitambua hata akiwa usingizini.

Alikuwa amechoma chokaa.

Nasma, kwa kutaka kusaidia, alinyakua ndoo. "Usitie maji!" Mboni akapiga kelele, akamdaka mkono. "Itakurukia machoni. Rudi nyuma."

Halafu Asmahani, ambaye tumbo lilikuwa limeshaanza kutikisika ndani ya kanga, akashindwa.

"Wifi! Mkono ukishazoea, umezoea! Umeambiwa upike piza, umepika chokaa!"

Uani kulipasuka kicheko. Na kusema kweli hata Mboni kama angekuwa jirani angecheka. Mwanamke aliyechoma matumbawe tangu utotoni, amechukua matumbawe, akayaweka chini ya moto kwa mikono yake, akategemea yakae yalivyo. Kwake lile lilikuwa jiwe la nyumba, jiwe la heshima. Hata siku moja halikumjia kama jiwe la tanuri la chokaa, na ni jiwe hilohilo.

Kicheko hakikumwumiza. Kilichomwumiza kilikuja baadaye, majirani walipoondoka na chumvi zao. Nasma alikuja akamshika kiganja.

"Bibi, hata pilau nzuri. Mi napenda pilau."

Aliyasema kwa sauti ileile ya viatu visivyobana.

Mboni alijifunga kanga ya pili, akashika njia ya bondeni.

Ernesti alikuwa anapanga tanuru la matofali na mkewe Beatrisi. Alimwona Mboni akiteremka, akaweka tofali chini, akajifuta mikono taratibu, kama mtu anayejiandaa kula.

"Beatrisi, niletee kigoda. Leo tuna mgeni wa mawe."

"Nipe matofali, mtani."

"Matofali? Yale matope?"

"Hayohayo."

"Sikusikia vizuri. Beatrisi, wewe umesikia?"

"Nimesikia nusu," akasema Beatrisi, uso mkavu, macho yanacheka. "Arudie, labda upepo."

Mboni alivuta pumzi. "Tofali linastahimili moto. Jiwe langu limeshindwa. Mmeridhika, au niimbe?"

"Imba," wakasema wote wawili kwa pamoja, na Mboni, ambaye alikuja na hasira, akajikuta amekaa kwenye kigoda anacheka mpaka machozi. Waliomcheka uani walikuwa wanamtazama kwa juu. Hawa walikuwa wanacheka wamekaa naye.

Kisha Ernesti akawa mtu wa kazi. "Nilitaka kukwambia siku ile. Nikajua ningekwambia, ungeongeza jingine kwa kunikomoa. Sikia, tofali limeshapita motoni likatoka. Ukilirudisha, halishangai."

Beatrisi akamwonyesha namna ya kuchagua. Unachukua mawili unayagonganisha. Likilia kama kikombe, limeiva mpaka ndani. Likilia kama mlango, weka chini. Mboni aligonga moja moja, kichwa ameinamisha, na yaliyomfaa akayapanga upande. Alipouliza bei, Ernesti alikataa kabisa.

"Mtani hauziwi. Ningekukuta umeyaiba, ndiyo ingekuwa heshima."

"Basi nitakuja kuipaka chokaa nyumba yako. Mbele yote, iwe nyeupe."

"Thubutu! Nyumba yangu nyekundu, iache ilivyo. Unataka watu wanidhanie mtu wa pwani?"

Alimletea matofali kwa mkokoteni, akataka na kusaidia kuyapanga. Mboni akamzuia. "Tofali ni lako. Mikono ni yangu."

Kuba hakulivunja. Lilikuwa zuri mno kulivunja. Alilala kifudifudi juu ya jukwaa, akajiingiza kwa mlangoni mpaka kifuani, kwa patasi na nyundo akaing'oa sakafu ile kipande kwa kipande, uso ameufunga kitambaa, macho ameyabana. Chokaa ya moto inakula ngozi, na mikono yake ina makovu ya kutosha kulishuhudia hilo. Alitoka mweupe kichwa kizima. Akalaza mchanga uliochanganywa na majivu, akaupiga ubao ukawa sawa, akapanga matofali moja kubana jingine, bila saruji, bila chokaa hata chembe. Akawasha moto mdogo wa kukausha. Kisha mkubwa. Kisha akafuta kwa tambara bichi, na sakafu ikatoa mvuke kidogo, ikanyamaza.

Mboni akaiwekea sikio muda mrefu. Kimya. Hapo ndipo alipoagiza jibini kutoka Tanga.

Hitimu ilikuwa Ijumaa baada ya swala ya alasiri. Nasma alivaa nguo nyeupe, akakaa kwenye mkeka mbele ya Maalim Rahimu, akasoma sura zake za mwisho. Na yule mtoto ambaye ukiwa chumba cha pili humsikii, siku hiyo alisikika mpaka barabarani. Ikaombwa dua, watu wakaitikia amina. Kisha macho yote yakageuka upande wa moshi.

Asmahani alikuwa amepika pilau sufuria zima, "kwa tahadhari tu, wifi, usinielewe vibaya." Ernesti na Beatrisi walikuwa wamekaa ukumbini na wageni, na Ernesti ameshamwambia kila mtu kwamba amekuja kukagua matofali yake.

Mboni alisukuma makaa pembeni. Unga ulikuwa umeumuka vizuri, ameukanda mwenyewe alfajiri. Akautandaza wa kwanza juu ya ubao mpana wenye mpini, akaupaka nyanya na kitunguu saumu, akapanga vipande vya pweza aliyechemshwa akalainika, akanyunyiza jibini, akausukuma ndani. Alikuwa amesahau kunyunyiza unga kwenye ubao. Piza ikang'ang'ania, ikajikunja, ikaangukia sakafuni kama kanga iliyovuliwa. Mtu mmoja akaguna. Asmahani akakohoa. Mboni hakutazama nyuma. Aliikwangua, akaitupa kwenye makaa, akanyunyiza ubao unga, akatandaza nyingine.

Hii ya pili iliteleza kama ilikuwa inaijua njia.

Alikuwa anapima muda kwa salawati, akimsalia Mtume chini kwa chini, midomo tu ikicheza. Salawati chache, ukingo ukaanza kuvimba. Akageuza. Nyingine chache, jibini ikachemka, madoa meusi yakatokea moja moja juu ya mkate, kama alivyoyaona Pangani. Akaitoa. Akaigeuza pembe kutazama chini yake: kahawia, kavu, safi, hakuna hata punje nyeupe.

Hakuiweka mezani. Alimpa Nasma mkononi, kwenye sinia.

"Ya kwako."

Nasma aliitazama kwa muda. Halafu akafanya kama desturi inavyotaka, akaipeleka kwanza kwa mwalimu wake. Maalim Rahimu akasema bismillahi, akakata kipande, akatafuna upande wenye meno. Watu wakasubiri. Akakata kingine.

"Hii," akasema, jibini ikimning'inia ndevuni, "ni ndugu na mkate wetu wa mofa wa tanurini. Lakini kaolewa kwa matajiri."

Basi uwanja ukafunguka. Watoto wa chuo wakajipanga foleni wenyewe, bila kuambiwa, jambo ambalo Maalim alisema hajapata kuliona. Mboni anatandaza, anasukuma, anageuza, anatoa. Ernesti alikula kipande, akakifudikiza, akausifu upande wake wa chini: "Mnaona? Hii ndiyo alama ya tofali langu." Asmahani naye alifika na sahani, akajikohoza.

"Wifi, nitilie ile yenye pweza mwingi. Na isiungue."

"Isipoungua siyo yenyewe. Leta sahani."

Alimtilia yenye pweza mwingi. Asmahani alikula amesimama palepale, kimya, na kwa Asmahani kimya ni sifa kubwa.

Miongoni mwa wageni kulikuwa na baba mmoja aliyetoka Muheza kumleta mwanawe. Akalizunguka lile tanuri, akalipapasa kuba, akainama kutazama sakafu.

"Kazi safi. Fundi wake nani? Na mimi nataka kwangu."

Ernesti akafungua mdomo, lakini kuna aliyemtangulia. Nasma alikuwa amesimama na wenzake, mdomo una nyanya. Sauti aliyoitumia ni ile ya kwenye mkeka, ile iliyosikika barabarani.

"Bibi yangu. Kajenga mara mbili. La kwanza lilikataa, akalijenga tena."

Kisha akanyoosha sinia tupu mbele yake, mbele ya watu wote, wala hakuchezea mtandio.

"Bibi, niongeze. Bado nataka."

Mboni alikuwa ameelekea moto, na moto ule ni mkali, yeyote angetokwa machozi. Akanyunyiza unga juu ya ubao.

"Sogea karibu," akasema. "Safari hii utasukuma wewe."